Droni Ndogo Yenye Kinga ya Kupigia Picha Ndani ya Nyumba: Kikundi Kichague Vipi?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya Gede na vijiji vya jirani)

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo vijana wa vikundi wanaliuliza sana: kikundi kikichanga pesa, kinunue droni gani ndogo ya kupigia picha za video ndani ya nyumba?

Wazee wengine watauliza, droni ni kitu gani? Ni ndege ndogo isiyopandwa na mtu, inayoendeshwa kwa rimoti. Hii tunayoizungumzia ina mapanga manne yanayozunguka kama ya feni, na kila panga limezungushiwa duara la plastiki la kulikinga. Ni ndogo kiasi cha kupita mlangoni, dirishani, hata chini ya meza. Inabeba kamera, na mtazamaji wa ile picha huona kama yeye mwenyewe ndiye anayeruka chumba hadi chumba.

Sisi hapa Gede tuko penye njia panda ya Watamu, kwenye barabara ya Mombasa na Malindi. Nyumba za wageni ni nyingi, na wenyewe wataka picha za kuonyesha wageni kabla hawajaja. Harusi zetu nazo zapigwa video. Kazi basi ipo. Lakini pesa itakayonunua mashine hii ni pesa ya chama, yaani pesa ya mama aliyeuza maembe na nazi akaweka kidogo kidogo. Ikianguka siku ya kwanza ikavunjika, au ikimkata mtoto wa mwenye harusi, mzigo ni wa kikundi kizima. Kwa hiyo neno letu la leo ni hili: chumba kwanza, mashine baadaye. Na kinga itazamwe kwa ajili ya watu, kabla ya kutazamwa kwa ajili ya mashine.

KAZI HII INAFANYWAJE

Mwezi wa Machi 2021 video moja ilienea ulimwenguni kote. Ilipigwa katika Bryant Lake Bowl, jumba la starehe mjini Minneapolis, Marekani, ambapo watu hubingirisha mpira mzito ili kuangusha vigingi. Rubani Jay Christensen aliitoa droni yake ndogo barabarani, akaiingiza mlangoni, ikapita katikati ya watu wanaokunywa na kucheza, ikaenda mpaka nyuma ya mitambo inayosimamisha vigingi. Yote hayo kwa mkupuo mmoja wa dakika moja na nusu hivi, bila kukatwa.

Tuna mafunzo mawili hapo. La kwanza, haikupatikana kwa kujaribu mara moja. Walirudia rudia mpaka ikakaa sawa, na watu wote mle ndani walijua droni itapita. La pili, zile sauti za watu na za vigingi ziliongezwa baadaye. Droni ndani ya chumba hulia kama nyuki waliochokozwa. Sauti yake huwezi kuitoa katika picha. Kwa hiyo mwenye harusi asiahidiwe kwamba droni itapiga picha wakati wa viapo au wakati wa maombi. Ipige ukumbi kabla ya watu kuingia, ipige wakati wa ngoma na vigelegele. Viapo viachiwe kamera ya kawaida, na sauti ichukuliwe kwa simu au kinasa sauti kilichowekwa karibu na msemaji.

CHUMBA KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, chukueni futi ya fundi mkapime vyumba mtakavyofanyia kazi. Mlango mwembamba zaidi una upana gani? Dari lina kimo gani? Feni ziko wapi? Tuseme mlango una sentimita 75. Droni yenye upana wa sentimita 21 ikipita katikati kabisa, inabaki na sentimita 27 kila upande. Ni kama futi moja isiyotimia. Kwa rubani mzoefu hiyo inatosha. Kwa mwanafunzi ni ukuta.

Tena hewa ya ndani si kama ya nje. Mapanga hufyonza hewa juu na kuisukuma chini. Katika chumba kidogo hewa hiyo hupiga sakafu, ikapanda ukutani, ikairudia droni yenyewe na kuitikisa. Ikikaribia dari sana, huvutwa juu ikanata kama ruba. Ikishuka karibu na sakafu, huyumba. Njia salama ni ya katikati. Na nyumba za makuti zina jambo lake: upepo ule huangusha vumbi na vipande vya makuti juu ya sahani za wageni na juu ya kioo cha kamera. Hapo bora kupiga picha kabla chakula hakijaandaliwa.

Jambo jingine ni macho ya mashine. Nje, droni nyingi hujua mahali zilipo kwa msaada wa setilaiti. Ndani ya nyumba ishara za setilaiti ni dhaifu au hazifiki kabisa. Zile za kisasa zina kamera ndogo tumboni, inayotazama sakafu ili isipotee. Kamera hiyo yahitaji mwanga wa kutosha na sakafu yenye alama. Juu ya marumaru inayong'aa, au saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta, au maji ya bwawa, hubabaika na droni huanza kuteleza upande. Sasa fikirieni ni nyumba ngapi za Watamu zenye sakafu ya kung'aa! Kwa hiyo muuzaji akiwaambia "hii hujishikilia yenyewe", mwambieni awaonyeshe juu ya marumaru, taa zikiwa hafifu.

KINGA YENYEWE

Sasa tuje kwenye kinga. Watu wengi huitazama kama bampa ya gari, yaani kitu cha kuizuia mashine isivunjike ikigusa ukuta. Kazi hiyo inaifanya, ni kweli. Lakini ndani ya ukumbi uliojaa watu kuna vidole vya watoto, kuna nywele, kuna leso, kuna shela la bibi harusi. Hivyo ndivyo vya kukingwa kwanza.

Mkishika mashine mkononi, ikiwa imezimwa na betri imetolewa, ifanyieni majaribio haya:

Kwanza, zungusheni kidole ukingoni. Je, duara limefunga pande zote, au ni nusu duara iliyoacha nafasi? Nusu duara haifai kwa kazi ya ndani penye watu.

Pili, bonyezeni duara kwa kidole gumba. Likipinda mpaka likagusa panga, basi ukutani litafanya vivyo hivyo na mashine itaanguka.

Tatu, tazameni juu na chini. Kinga nyingi hufunika ubavuni tu, juu kuko wazi. Kumbukeni tulivyosema, hewa hufyonzwa kutoka juu. Kitambaa cha mapambo kinachoning'inia darini, au shela lililopeperuka, litavutwa humo ndani. Ziko droni zilizofunikwa kwa vyuma au plastiki nyembamba juu na chini kama feni ya mezani. Hizo ni bora kwa penye watoto, ingawa bado si kitu cha kuchezewa.

Nne, ulizeni: duara likipasuka, laweza kubadilishwa peke yake kwa skrubu chache, au ni lazima kununua mwili mzima? Na je, vipuri vyapatikana Mombasa au Nairobi, au mpaka viagizwe ng'ambo?

Uzito nao ni sehemu ya kinga. Droni ya gramu 135 ikimgonga mtu, ataudhika. Ya nusu kilo, yaani uzito wa pakiti ya sukari, ikija kwa mwendo wa mtu anayekimbia, itamuumiza hata kama kinga haikupasuka. Kwa hiyo chagueni ndogo kuliko zote zinazoweza kuifanya kazi yenu.

AINA TATU ZILIZOPO

Aina ya kwanza ni zile nyepesi zinazojiendesha kwa kiasi kikubwa. Mfano ni DJI Neo iliyotoka mwaka wa 2024. Ina gramu 135, huruka kutoka kiganjani, hufuata mtu, na kampuni yasema hukaa hewani dakika 18 hivi. Nyingine ni DJI Flip ya mwaka wa 2025, yenye gramu 249 na kinga zinazokunjwa. Kamera yake imeshikiliwa vizuri zaidi isitikisike, lakini ikikunjuliwa ni pana kuliko ile ya kwanza. Aina hii yawafaa wanaoanza, hata kwa rimoti ya kawaida au simu.

Aina ya pili ni za kuvaa miwani. Rubani huvaa miwani iliyofunika macho, akaona kile kinachoonwa na kamera. Mfano ni DJI Avata 2 ya mwaka wa 2024: gramu 377, upana wa sentimita 21 hivi, na dakika 23 kwa hesabu ya kampuni. Ikianguka kichwa chini yaweza kujigeuza yenyewe. Hii ndiyo inayopiga zile picha za kupenya mlangoni na kuzunguka nguzo. Lakini aliyevaa miwani haoni chumba. Haoni mtoto anayemjia kwa nyuma. Basi ni lazima awe na mwenzake aliyesimama kando, macho wazi, wa kumwambia "simama" au "shusha". Kazi hii ni ya watu wawili, na malipo yahesabiwe ya watu wawili.

Aina ya tatu ni za kuundwa na fundi, vipande vikinunuliwa mbali mbali, na mara nyingi hubebeshwa kamera nyingine kama GoPro, yenye gramu 150 hivi. Picha zake ni nzuri sana, na ikivunjika yatengenezwa kipande kwa kipande. Ila haijishikilii hata kidogo. Ukiachia rimoti, inaanguka au inakwenda zake. Kikundi kisichokuwa na fundi wa kuchomelea nyaya kisiiguse kwanza.

Vijana watatuuliza, ni ipi basi? Twasema hivi: kikundi kinachoanza, kazi yake ikiwa harusi na mikutano, kianze na aina ya kwanza. Kikundi chenye kijana aliyekwisha kujifunza, na kilicho na wateja wa nyumba za wageni, ndicho cha kufikiria aina ya pili. Na kujifunza kwenyewe kusianzie kwenye mashine. Ziko programu za kompyuta za kufanyia mazoezi, kama Liftoff, ambazo rimoti huunganishwa na kompyuta ukaanguka mara mia bila kupoteza hata skrubu. Sisi twashauri saa 20 za mazoezi ya namna hiyo kabla ya kuingia ukumbini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MWANGA NA KAMERA

Ndani ya nyumba adui wa kwanza wa picha ni giza. Kamera ndogo katika mwanga hafifu hutoa picha yenye chenga chenga. Fungueni madirisha, washeni taa zote, na mfanye kazi asubuhi au alasiri mapema. Hilo lasaidia kuliko kununua kamera ya bei zaidi.

Kuna jambo dogo ambalo wauzaji hawalisemi. Umeme wetu Kenya ni wa mizunguko 50 kwa sekunde. Taa nyingi huwaka na kufifia kufuata mizunguko hiyo, ingawa jicho halioni. Kamera iliyowekwa kwa hesabu za Marekani za picha 30 au 60 kwa sekunde huonyesha taa zikipepesa pepesa, na harusi nzima yaharibika. Basi wekeni picha 25 au 50 kwa sekunde, na kasi ya kufunga kamera iwe 1/50 au 1/100. Kabla ya kununua, hakikisheni kwamba mashine inakubali kuwekwa hivyo.

Jingine la kuweka kabla ya kuruka: droni nyingi zikipoteza mawasiliano na rimoti hupanda juu ili zirudi zilikotoka. Nje ni jambo jema. Ndani itagonga dari na feni. Iwekeni isimame pale pale au ishuke.

BETRI NA HEWA YA PWANI

Dakika zinazoandikwa kwenye boksi ni za mahali pasipo upepo. Mkipiga kona na kupanda na kushuka, hesabuni theluthi mbili tu, tena mshuke kabla betri haijaisha. Betri tatu ndizo chache kabisa kwa harusi moja. Msizichaji juu ya godoro wala ndani ya gari lililoachwa juani. Iliyovimba, hata kidogo, isitumike tena. Zikikaa bila kazi, ziachwe karibu nusu, zisiwe zimejaa wala kuisha.

Na hewa yetu ina chumvi. Mota ndogo zikilala wazi karibu na bahari hushika kutu. Wekeni mashine ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu zinazokuja na viatu vipya.

SHERIA NA RUHUSA

Hapa wanakikundi twaomba msikilize sana, maana hapa ndipo pesa huweza kupotea hata kabla mashine haijafika.

Kenya ina kanuni za droni zilizotolewa mwaka wa 2020, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Mwenye droni awe na umri wa miaka 18 au zaidi, au iwe kampuni au chama kilichosajiliwa. Kuingiza droni nchini kwahitaji kibali, na droni yenyewe yasajiliwa. Msimtume jamaa aliye Dubai aje nayo mkobani bila kibali, kwani yaweza kuzuiliwa forodhani. Kwa kazi ya malipo, Mamlaka hutoa cheti kwa mwendeshaji na leseni kwa rubani. Basi kabla ya kulipa, andikieni KCAA barua, mweleze mashine gani na kazi gani, mpate jibu kwa maandishi.

Wengine husema, "sisi twaruka ndani tu, yatuhusu nini?" Kwanza, mashine ni lazima iingie nchini na isajiliwe. Pili, mlango ukiwa wazi, ndani na nje ni hatua moja. Uwanja wa ndege wa Malindi nao hauko mbali nasi.

Tusisahau magofu yetu. Mji wa kale wa Gede uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwezi wa Julai 2024. Zile kuta za jumba la mfalme na misikiti hazina paa, kwa hiyo mle si ndani ya nyumba. Pako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na hakuna kuruka bila ruhusa yao ya maandishi. Kuta zilizosimama mamia ya miaka zisije zikagongwa na kitu cha kuchukulia picha. Vivyo hivyo nyumba ya vipepeo ya mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka wa 1993 na kuwapa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke riziki ya kufuga vipepeo. Upepo wa mapanga na mbawa za kipepeo havikai pamoja. Humo tumieni kamera ya mkononi.

Mwisho ni watu wenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 yataka mtu akubali kabla picha yake haijatumiwa. Mwaka wa 2023 shule moja nchini ilitozwa Sh. 4,550,000 kwa kutumia picha za watoto bila idhini ya wazazi. Basi mwenye harusi atangaze mlangoni kwamba droni itapita, na asiyetaka apewe mahali pa kukaa ambapo haipiti. Mkitaka kutumia ile video kutafutia wateja, ombeni tena, kwa maandishi.

HESABU YA KIKUNDI

Tuchukue mfano wa kuhesabia tu, si bei ya duka lolote. Tuseme mashine, miwani, rimoti, betri tatu, ushuru na vibali vimefika Sh. 200,000. Kikundi kina watu 20, kila mmoja ametoa Sh. 10,000. Harusi moja yalipa Sh. 8,000. Ondoeni nauli Sh. 1,000, msaidizi Sh. 1,000, na akiba ya matengenezo Sh. 1,000. Zabaki Sh. 5,000. Maana yake ni kazi 40 kabla pesa ya wanakikundi haijarudi. Mkipata kazi mbili kwa mwezi, ni miezi 20. Je, mashine itaishi miezi 20 bila kuanguka vibaya? Je, kijana mnayemsomesha kuiendesha atabaki kijijini?

Hatusemi haya ili kuwavunja moyo. Twasema ili pesa itoke mfukoni macho yakiwa wazi. Iko njia ya polepole: tafuteni kazi tatu kwanza, mkodishe rubani mwenye leseni kwa siku, mwone wateja wanalipa nini na ni picha zipi wanazozipenda. Mkiona kazi ipo, nunueni ndogo. Ikijilipa, ndipo mpande ngazi ya pili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni vyumba gani hasa tutakavyofanyia kazi? Nani atakwenda kuvipima?
2. Nani atakuwa rubani, na nani atakuwa macho yake? Wakiondoka, nani atashika?
3. Mtu akiumia au chombo cha mwenye nyumba kikivunjika, kikundi kitalipa kutoka mfuko gani?
4. Tumepata jibu la KCAA kwa maandishi? Liwekwe wapi ili kila mwanakikundi alione?
5. Baada ya kazi kumi, tutakaa lini kuangalia hesabu na kuamua kuendelea au kusimama?

Jibuni hayo matano kikaoni, katibu aandike. Kisha ndipo mzungumze habari za rangi ya mashine na jina la kampuni.